Viza ya masomo ya Ujerumani: tarehe, pesa, kisha anwani

Kila ikifika Agosti napokea simu za aina moja. Kijana amepata nafasi chuo kikuu Ujerumani, barua anayo, masomo yanaanza Oktoba, na ndiyo kwanza anauliza viza inaombwaje. Wengine tunawahi. Wengine wanapoteza muhula mzima, na inaniuma, maana sifa walikuwa nazo. Walichokosa ni mpangilio. Naandika haya kwa Mtanzania anayeanza kabisa. Mwenzetu wa Kenya atayakuta karibu yaleyale, ila ofisi za nyumbani ni za kwao.

Anza na karatasi za nyumbani, hata kabla chuo hakijakujibu. Pasipoti inaombwa Uhamiaji kwa mtandao, ada ni shilingi 150,000, na utahitaji namba ya NIDA na cheti cha kuzaliwa. Hapa ndipo penye mtego: majina. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kinasema Mohamed, cha shule cha NECTA kinasema Muhammad, pasipoti imeongeza jina la babu. Kwetu hilo ni jambo dogo, lakini afisa wa ubalozi anaona watu watatu. Weka vyeti vyote mezani siku moja, soma herufi kwa herufi, na kama kuna tofauti nenda karekebishe sasa, kwa sababu masahihisho ya jina hayana haraka.

Kisha hesabu siku kwa kurudi nyuma. Muhula wa baridi huanza Oktoba na vyuo vingi hufunga maombi 15 Julai; ule wa kiangazi huanza Aprili, maombi mwisho 15 Januari. Kozi nyingi zinazofundishwa kwa Kiingereza hufunga mapema zaidi ya hapo, kwa hiyo fuata tarehe ya kozi yako. Vyuo vingi hupokea maombi ya wageni kupitia uni-assist, taasisi inayokagua vyeti kwa niaba ya vyuo, inayotoza euro 75 kwa chaguo la kwanza na 30 kwa kila la ziada katika muhula huohuo. Viza yenyewe ipe miezi mitatu. Na usidanganywe kwamba unaweza kwenda na viza ya utalii ukaibadilishe kulekule. Utarudishwa nyumbani kuomba upya.

Sasa pesa. Ubalozi unataka uthibitisho kwamba utaweza kujikimu mwaka mzima, na njia inayotumiwa na wengi ni Sperrkonto, akaunti iliyozuiwa. Kiwango kilichoanza Septemba 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka, na ukifika unaruhusiwa kutoa 992 tu kila mwezi. Kampuni kama Fintiba na Expatrio hufungua akaunti hiyo kwa mtandao. Benki ya nyumbani itakuuliza pesa imetoka wapi na inakwenda kufanya nini, hivyo nenda na barua ya chuo. Omba gharama zote za kutuma zikatwe kwako, tena ongeza kidogo juu yake, kwa sababu benki za katikati hukata chao na akaunti ikipungua hata euro kumi hupewi uthibitisho.

Naomba unisikilize hapa. Usikope pesa za kuonyesha. Familia zinachangishana, mjomba anauza kiwanja kwa makubaliano kwamba pesa zitarudi baada ya viza. Haziwezi kurudi kwa mkupuo, zinatoka mwezi kwa mwezi, na ndizo utakazolipia kodi na chakula. Kama hamna, tafuta ufadhili kama wa DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi, au ndugu anayeishi Ujerumani mwenye kipato cha kutosha aende ofisi ya wageni ya mji wake kusaini Verpflichtungserklärung, hati ya kukudhamini. Ajue kwamba hati hiyo inambana kisheria.

Ukishapata barua ya chuo na uthibitisho wa pesa, jaza maombi ya viza ya kitaifa, ile ya aina D. Siku hizi balozi za Ujerumani zinapokea maombi ya wanafunzi kupitia tovuti yao ya huduma za kibalozi, kisha unaitwa kupeleka hati halisi na kuchukuliwa alama za vidole. Ada ni euro 75. Fuata orodha ya hati ya ubalozi wako neno kwa neno. Barua ya kueleza kwa nini unasoma kozi hiyo iandike mwenyewe: ulisoma nini, kozi hii inaungana vipi na hicho, utafanya nayo nini. Usinunue ya kunakili, maana afisa atakuuliza yaliyomo. Tena tangu 1 Julai 2025 ile njia ya kukata rufaa kwa barua ubalozini imefutwa. Ukinyimwa, unaomba upya au unakwenda mahakamani Berlin. Faili lako liwe kamili mara ya kwanza.

Ukishafika, kila kitu kinaning'inia kwenye anwani. Mimi nililala wiki tano sebuleni kwa rafiki, na mwenye nyumba alikataa kunisainia. Bila karatasi ya mwenye nyumba, Wohnungsgeberbestätigung, hupati kujiandikisha makazi, Anmeldung, ambayo sheria inataka ifanyike ndani ya wiki mbili baada ya kuhamia. Bila Anmeldung, mengine yanakwama. Kwa hiyo omba chumba cha Studierendenwerk, mabweni ya wanafunzi, siku ileile unayopata nafasi ya chuo, kwani foleni ni ndefu. Mtu binafsi anayetaka amana kabla hujaona chumba mara nyingi ni tapeli.

Bima ya afya ya umma kwa bei ya mwanafunzi ni kwa walio chini ya miaka 30. Ukishavuka umri huo, panga bima kabla hujaondoka, kwani chuo hakikusajili bila hiyo. Fungua akaunti ya kawaida ya benki ndipo Sperrkonto ianze kukulipa. Hilo huchukua muda, hivyo uwe na pesa za mwezi wa kwanza pembeni. Kisha omba kibali cha ukaazi Ausländerbehörde, ile ofisi ya wageni, kabla viza haijaisha. Ukiwahisha maombi, unabaki kihalali hata miadi ikichelewa, na unaweza kuomba cheti cha muda kiitwacho Fiktionsbescheinigung.

Siku ya kwanza chumbani, bandika jina lako kwenye sanduku la barua. Tarishi anatafuta jina, na namba ya kodi, kadi ya bima na barua za benki zote huja kwa posta. Jina lisipokuwepo, barua inarudi ilikotoka.