Somo: Kuchonga diski za breki na kubadili bushi kwenye karakana ya wanachama, Mtwara

Karakana ya wanachama ina utaratibu mwepesi: unalipa ada, unafundishwa usalama, kisha unajiandikia zamu kwenye mashine ambazo mtu mmoja hawezi kujinunulia. Huku kwetu inafaa sana, maana magari yanaliwa na chumvi ya bahari na bado yanapelekwa kubeba magunia kwenye njia za mashambani msimu wa korosho. Ila wenzetu wengi wanamaliza zamu nzima wakipigana na nati iliyoshika kutu, mashine imekaa tu. Matayarisho ndiyo kazi yenyewe, na somo hili nimeliandika kwa ajili hiyo.

Hatua ya 1: Anzia nyumbani. Osha mvungu wa gari, tope lote litoke. Usiku wa kuamkia zamu, pulizia nati na boliti mafuta ya kulegeza kutu. Mkaazi wa Shangani au Mikindani aanze siku mbili kabla. Pedi za breki na bushi mpya (zile pete za chuma zenye mpira, za kwenye maungio ya chini ya gari) uje nazo mkononi.

Hatua ya 2: Kunyanyua. Legeza nati za tairi gari likiwa bado chini. Jaki inanyanyua, stendi ndizo zinazobeba. Litikise gari kwa nguvu kabla hujaingiza hata mkono.

Hatua ya 3: Pima. Hapa naomba msiwe na haraka. Diski nyingi zimegongwa maandishi MIN TH na tarakimu, ama kwenye kofia ya katikati ama ukingoni. Huo ndio unene wa mwisho unaoruhusiwa. Pima kwa maikromita (kipimo cha unene cha kukaza kwa skrubu), sehemu kadhaa kuzunguka diski, milimita 10 hivi kutoka ukingoni. Vernia ya kawaida (kipimo cha taya za kuteleza) itakudanganya: pale pembeni ambapo pedi haifiki huota ukingo wa kutu, na taya za vernia zinakaa juu ya ukingo huo, hivyo diski iliyokwisha inasomeka nene.

Tuseme imeandikwa 26 mm, wewe umepata 26.6. Mashine ya kuchonga ikila 0.2 kila upande, inabaki 26.2. Kisheria imepita, lakini imebaki kidogo mno na pedi itaimaliza upesi. Mimi hapo ningenunua mpya, tena zote mbili za mbele kwa pamoja.

Hatua ya 4: Kuchonga. Vaa miwani. Glovu vua, kwenye mashine inayozunguka glovu huvuta mkono mzima. Saa na pete viache kwenye begi, mikono ya shati ikunje, na dada zetu mtandio uingie ndani ya ovaroli. Ufunguo wa taya (ule wa kukazia diski kwenye mashine) usiuachie kwenye mashine hata kwa sekunde moja. Kula kidogo kidogo, pande zote mbili sawa. Chembe za chuma zifagie kwa brashi, mashine ikiwa imezimwa. Mwisho osha diski kwa maji na sabuni, ikaushe vizuri. Ule unga mweusi ukibaki unaingia kwenye pedi mpya.

Hatua ya 5: Bushi kwenye presi (mashine ya kusukumia vipuri kwa nguvu). Kabla ya kuitoa ya zamani, weka alama ya chaki. Baadhi ya bushi zina matundu kwenye mpira na lazima yaelekee yalikokuwa. Tafuta kipande cha bomba kinachokaa juu ya pete ya nje ya chuma, presi isisukume mpira. Kulainisha tumia maji ya sabuni, kwa sababu oili na grisi huharibu mpira.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo fundi. Nimechonga diski wiki iliyopita, bado usukani unatetemeka nikikanyaga breki.*

Marahaba. Itoe tena uangalie uso wa habu, pale diski inapokaa. Kutu kidogo pale inaipindisha diski nzima hata kama imechongwa vizuri. Sugua kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae. Nati zikaze kwa mkingamo (moja, kisha ya upande wa pili), si kwa kuzunguka.

*Kaka, bushi zangu za Noah zilipasuka muda mfupi tu baada ya kuwekwa. Ni feki?*

Huenda, lakini niambie kwanza: boliti ulizikaza gurudumu likiwa linaning'inia? Ukikaza hivyo, mpira unakaa umejisokota tangu gari linaposhuka. Ziache legelege, shusha gari lisimame kwa tairi zake, ndipo uzikaze kabisa.

*Beringi ya gurudumu naisukuma wapi kwenye presi?*

Sukuma pete ile inayobana. Ukiiingiza kwenye nyumba yake, sukuma pete ya nje. Ukiivisha kwenye shafti, sukuma ya ndani. Ukikosea, nguvu yote inapita kwenye gololi na beringi mpya inaanza kuunguruma kabla hujafika Masasi.

*Umeme ukikatika katikati ya kuchonga, nafanyaje?*

Zima swichi ya mashine papo hapo, usingoje. Umeme ukirudi mashine inaweza kuanza yenyewe wewe ukiwa umeinama juu yake. Ikishasimama, rudisha kisu nyuma kutoka kwenye diski, na uandike kwenye daftari umefikia kipimo gani. Ukianza tena, pima upya kabla kisu hakijagusa chuma.