Somo: Kumjenga mchawi wa barafu anayewanyang'anya adui zamu zao

Naliandika somo hili mara moja ili nisilazimike kulirudia, kwa sababu kila mchezaji mpya anayejiunga na meza yetu ya Jumamosi ya mchezo wa kuigiza wahusika kwa dadu hapa Nakuru, pamoja na wale wanaotuandikia kutoka Kisumu na Kakamega, huuliza swali lile lile: mbona mchawi wangu wa barafu haui mtu? Haui kwa sababu hiyo si kazi yake. Kazi yake ni kumzuia adui asiitumie zamu yake anavyotaka, na raundi ambayo jitu limeimaliza likiinuka na kuteleza ni raundi ambayo halikumpiga mwenzako. Kanuni ninazozifuata ni za Dungeons & Dragons, toleo la tano, zilivyochapishwa mwaka 2014. Mnaotumia marekebisho ya 2024, someni upya maelezo ya kila speli, yaani kila uchawi unaotupwa, kabla ya kunilaumu.

Hatua ya 1. Chagua aina ya mhusika iitwayo Wizard. Sorcerer, aina nyingine ya mchawi, pia anafaa, ila Wall of Ice, speli ya ukuta wa barafu, haimo katika orodha yake.

Hatua ya 2. Akili iwe juu kabisa, ikifuatwa na wepesi, kisha ustahimilivu. Ustahimilivu uuache kwenye namba witiri, kwa mfano 13. Sababu imo kwenye maswali hapa chini.

Hatua ya 3. Katika kiwango cha 1 chukua Ray of Frost, Shape Water, Shield na Grease. Ray of Frost humpunguzia adui mwendo kwa futi 10 hadi mwanzo wa zamu yako inayofuata. Grease, speli ya grisi ya utelezi, si barafu, lakini huangusha watu kwa dakika nzima bila kudai umakini wako (yaani kuishikilia speli isizimike, jambo linaloweza kukatika ukipigwa), na msimamizi wa mchezo mwenye busara atakuruhusu uieleze kama utando wa barafu, maadamu kanuni yenyewe haiguswi.

Hatua ya 4. Katika kiwango cha 2 chagua shule, yaani tawi la uchawi, ya Abjuration. Wengi hukimbilia Evocation kwa sababu huwakinga wenzao dhidi ya speli za shule hiyo, wakasahau kwamba Sleet Storm, speli ya dhoruba ya barafu ambayo ndiyo moyo wa mchawi huyu, ni ya Conjuration, kwa hiyo kinga hiyo haiigusi hata kidogo. Abjuration hukupa ngao inayopokea madhara kabla yako, na ngao ikiyameza yote, hujaumia, wala hulazimiki kurusha dadu ya kulinda umakini.

Hatua ya 5. Katika kiwango cha 3, kama meza yenu inairuhusu, chukua Rime's Binding Ice. Anayeshindwa kujiokoa kwa dadu huganda mahali alipo, mwendo wake ukiwa sifuri, hadi yeye au mwenzake aliye karibu atumie tendo zima kuivunja barafu hiyo.

Hatua ya 6. Katika kiwango cha 5 unapata Sleet Storm, na hapa ndipo meza nyingi huharibikiwa, yetu ikiwemo, basi soma polepole. Speli hii hufunika duara lenye nusu kipenyo cha futi 40, unaweza kuitupa ukiwa umbali wa futi 150, na haileti madhara hata pointi moja. Aliyewahi kunaswa na mvua ya mawe Kericho akiwa katikati ya majani chai anaielewa bila kufafanuliwa: huoni mbele, huoni nyuma, na mguu hauna pa kukanyaga. Chukua adui mwenye mwendo wa futi 30 aliyesimama katikati ya duara. Zamu yake ikianza anarusha dadu ya wepesi, akishindwa, anaanguka. Kuinuka kunamla futi 15, na 15 zilizobaki zinakatwa nusu na utelezi, kwa hiyo anasogea mraba mmoja tu wa futi 5. Hata akitumia tendo lake lote kukimbia, hafiki ukingoni, na raundi ijayo anaanza upya.

Onyo la kwanza: dhoruba hii haichagui rafiki. Mpiganaji wenu aliyekwisha kuingia katikati ya maadui ataanguka pamoja nao, kwa hiyo itupe katika raundi ya kwanza, kabla hajatoka mbio, au itupe nyuma ya mstari wa vita ili iwakate wanaokuja kusaidia. Onyo la pili: kutoona ni kwa pande zote. Mwenzako mwenye speli inayohitaji kumwona mlengwa hataweza kumtupia aliye ndani, na ndiyo maana lazima mshauriane kabla, si baada. Onyo la tatu, ambalo nalitilia mkazo kuliko yote: Sleet Storm inadai umakini, na mchawi hushikilia speli moja tu ya namna hiyo kwa wakati mmoja. Ukitupa nyingine inayodai umakini, ya kwanza inazimika papo hapo, na maadui wote uliokuwa umewafungia wanatoka wakiwa na hasira. Kabla ya kutamka jina la speli yoyote, angalia kwenye karatasi yako kama imeandikwa kwamba inadai umakini.

Hatua ya 7. Ice Storm katika kiwango cha 7, Cone of Cold katika cha 9, Wall of Ice katika cha 11. Kila sehemu ya ukuta huo yenye upana wa futi 10 ina pointi 30 za uhai, na moto huiumiza maradufu, basi mwambieni rafiki yenu wa Fireball atafute shabaha nyingine.

Maswali ya wanachama

Kutoka Kondele: Je, naweza kutumia Shape Water kugandisha damu iliyo ndani ya adui?

Hapana. Speli inahitaji maji unayoyaona, na inasema wazi kwamba maji hayagandi kama kuna kiumbe ndani yake. Swali hili limeulizwa kila mwezi tangu tuanze, na jibu halijawahi kubadilika.

Kutoka Eldoret: Nimesoma somo lote lakini sijaona mahali uliposema speli ipi huua haraka.

Ndugu, rudi kwenye aya ya kwanza.

Kutoka Kakamega: Mwalimu, kati ya War Caster na Resilient nichukue kipi kwanza? Na namba witiri inahusikaje?

Swali zuri, na tulipige hesabu. Vyote viwili ni vipaji vya ziada vinavyosaidia kulinda umakini. Resilient inaongeza ustahimilivu kwa 1, kwa hiyo 13 inakuwa 14 na hakuna kinachopotea. Ukipigwa kidogo, unahitaji kufikisha 10 kwa dadu pamoja na nyongeza zako ili umakini usikatike. Mwenye ustahimilivu wa 13 na War Caster anarusha dadu mbili na kuchukua ya juu, hivyo hufaulu mara 84 katika 100. Mwenye Resilient katika kiwango cha 5 hufaulu mara 80. Hadi hapo War Caster inaongoza. Lakini ukipigwa pigo la madhara 40, unahitaji kufikisha 20, na katika kiwango cha 9 War Caster inakupa asilimia 19 huku Resilient ikikupa 35. Kwa hiyo, mkipambana na vibwengo wengi wenye mapigo madogo, anza na War Caster katika kiwango cha 4. Msimamizi wenu akipenda mazimwi (dragons), anza na Resilient. Kile cha pili kichukue katika kiwango cha 8.

Kutoka Kakamega tena: Na zimwi jeupe, ambalo halidhuriki kwa baridi?

Hilo ni baya zaidi ya unavyofikiri, kwa sababu barafu haipunguzi mwendo wake pia. Usipigane nalo kwa barafu. Beba Grease na Web, na uiache Sleet Storm kwa ajili ya wafuasi wake. Kwa mashetani wengi, ambao hupunguza madhara ya baridi kwa nusu, huna tatizo kama hilo, kwa kuwa dhoruba haitegemei madhara.

Kutoka Milimani, Nakuru: Adui wetu ni mchawi pia. Naona Sleet Storm haimzuii kutupa speli.

Inamzuia kuliko unavyodhani, dada. Akianza zamu yake humo akiwa ameshikilia speli, lazima ajiokoe la sivyo inazimika, na Counterspell, speli ya kuzima speli ya mwingine, inataka amwone anayetupa, naye haoni kitu.

Kutoka Kisumu: Duara la futi 40 mnalipimaje mezani? Sisi huishia kugombana.

Chukueni karatasi ya manila, mchore miraba ya inchi 1, kila mraba ukihesabiwa futi 5. Kisha kateni uzi wa inchi 8, mshike ncha moja katikati na kuuzungusha: chochote uzi unachokigusa kimo ndani. Vifuniko vya soda vinatosha kuwa maadui, na vilivyoanguka vigeuzeni juu chini ili msibishane nani amelala.