Mfupa unaoliwa kuzunguka kipandikizi cha jino: namna ya kuupima na kutafuta chanzo

Mwongozo huu ni wa daktari au tabibu wa meno anayempokea mgonjwa mwenye kipandikizi (mzizi bandia wa jino unaoingizwa ndani ya mfupa wa taya), awe alimwekea mwenyewe au kiliwekwa kwingine. Mara nyingi mgonjwa haumwi. Huja kwa sababu fizi zinatoa damu akipiga mswaki, au hana lalamiko lolote na ni picha ya eksirei tu inayoonyesha tatizo. Usianze kukwangua wala kuandika antibiotiki. Kwanza jua mfupa ulianza kupungua lini, na umepungua upande gani. Maswali haya mawili ndiyo yatakayokufikisha kwenye chanzo.

Hatua ya 1: Tafuta picha ya mwanzo

Kila kipandikizi hupoteza mfupa kidogo shingoni, yaani sehemu yake ya juu, baada ya kufungwa krauni (jino bandia linalokaa juu yake). Hilo si ugonjwa. Albrektsson na wenzake mwaka 1986 waliweka kigezo kwamba baada ya mwaka wa kwanza upungufu uwe chini ya milimita 0.2 kwa mwaka. Uainishaji wa kimataifa wa 2017 wa magonjwa ya fizi na ya kuzunguka vipandikizi nao unasema mabadiliko ya mwaka wa kwanza hayapaswi kuzidi milimita 2. Ili utumie vigezo hivi unahitaji picha ya siku krauni ilipofungwa na nyingine ya baada ya mwaka mmoja. Mwombe mgonjwa azitafute kule alikowekewa, na uulize pia aina ya kipandikizi, urefu na kipenyo chake, kwa sababu bila aina hutajua bisibisi gani inaingia kwenye skrubu yake.

Ikiwa hakuna rekodi yoyote, uainishaji huohuo unakupa njia: probu (kijiti chembamba chenye alama za milimita cha kupimia kina cha ufizi) ikizama milimita 6 au zaidi, kukawa na damu au usaha, na mfupa ukawa milimita 3 au zaidi chini ya sehemu ya juu kabisa ya kipandikizi iliyokusudiwa kukaa ndani ya mfupa, hesabu kuwa ni ugonjwa unaokula mfupa.

Hatua ya 2: Piga picha inayopimika

Picha ya taya zima haitoshi. Piga picha ndogo ya ndani ya mdomo ukitumia kishikizi cha filamu, mwale ukikutana na mhimili wa kipandikizi kwa pembe ya nyuzi 90. Angalia hesi, yaani mizunguko ya skrubu kwenye mwili wa kipandikizi: zikionekana kali pande zote mbili, picha ni nzuri. Zikiwa na ukungu, badilisha pembe ya wima na urudie, maana picha ya mshazari huusogeza mfupa juu au chini ya pale ulipo.

Kisha sahihisha ukuzaji. Tuseme kipandikizi cha milimita 10 kinapima 11.5 kwenye picha, na upungufu wa mfupa unapima 3.0. Zidisha 3.0 kwa 10, gawanya kwa 11.5: upungufu halisi ni milimita 2.6. Pima upande wa mbele na wa nyuma kila mmoja peke yake. Picha hii haionyeshi upande wa shavu wala wa ulimi, na upande wa shavu ndio mara nyingi wenye mfupa mwembamba. Huko utategemea probu.

Hatua ya 3: Ingiza probu kwa mkono mwepesi

Nguvu ni takriban nyutoni 0.25, sawa na uzito wa gramu 25 hivi. Pima sehemu sita kuzunguka kipandikizi na uandike zote, hata zilizo nzuri, kwa sababu namba za leo ndizo kipimo cha mwakani. Kitone kimoja cha damu kinaweza kuwa jeraha la probu yenyewe. Damu inayotiririka kwenye mstari wa fizi, au usaha, ni uvimbe wa kweli. Krauni nene ikizuia probu kushuka, na kama imefungwa kwa skrubu, ifungue kwanza. Kipimo kilichochukuliwa juu ya tumbo la krauni ni cha uongo.

Krauni ikicheza, usiseme kipandikizi kimeachia. Kagua skrubu kwanza. Skrubu iliyolegea ni jambo la kawaida, na pengo linalobaki hapo huhifadhi bakteria.

Hatua ya 4: Soma wakati na umbo la upungufu

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi.

Mfupa uliopotea kabla krauni haijafungwa unaelekeza kwenye upasuaji. Eriksson na Albrektsson walionyesha mwaka 1983 kwamba mfupa huharibika ukipata joto la nyuzi 47 za Selsiasi kwa dakika moja tu. Keekee butu, mkono unaokandamiza bila kuinua na maji ya chumvi yasiyofika ncha ya keekee hutosha kuufikisha hapo, hasa mfupa mgumu wa mbele ya taya ya chini. Kukaza kipandikizi kupita kiasi nako hubana mfupa wa juu hadi damu ikatike. Kwenye mfupa mgumu tumia keekee ya kupanua shingo badala ya kulazimisha kwa spana.

Upungufu ulio sawa pande zote, wa milimita 1 hadi 2 ndani ya mwaka wa kwanza, halafu ukasimama, kwa kawaida ni mwili kujitengenezea nafasi ya ufizi. Linkevicius na wenzake walionyesha mwaka 2009 kwamba ufizi wa milimita 2 au chini yake unaweza kuambatana na upungufu wa hadi milimita 1.45. Mwili unahitaji unene wa takriban milimita 3 juu ya mfupa. Ukikosa, huuchukua kutoka kwenye mfupa. Ndiyo maana kiunganishi (kipande kinachounganisha kipandikizi na krauni) kikiwa kifupi, cha milimita 1, huleta tatizo lilelile. Pima unene wa ufizi kabla ya kuchimba. Ukiwa mwembamba, zamisha kipandikizi kidogo zaidi au uongeze tishu.

Upungufu wa upande mmoja unauliza habari za jirani. Kati ya kipandikizi na jino iachwe angalau milimita 1.5, na kati ya vipandikizi viwili milimita 3. Tarnow na wenzake mwaka 2000 walikuta mfupa wa katikati umeshuka wastani wa milimita 1.04 pale nafasi ilipokuwa milimita 3 au chini yake, na 0.45 pale ilipozidi. Kosa hili halirekebishiki kwa kusafisha. Kama nafasi ni sawa na bado upande mmoja umeshuka, shuku mabaki ya saruji, yaani gundi ya kubandikia krauni.

Upungufu unaoanza baada ya miaka, wenye damu na usaha, umbo la sahani kuzunguka shingo yote, ni kazi ya utando wa bakteria unaojijenga juu ya kipandikizi. Hapa historia ya ugonjwa wa fizi uliokula mfupa wa meno ya asili ina uzito mkubwa kuliko chochote, ikifuatiwa na usafi duni na kutorudi kliniki.

Kivuli kikiwa kwenye ncha ya kipandikizi na shingo ikiwa salama, kagua mzizi wa jino la jirani.

Hatua ya 5: Tafuta saruji na umbo la krauni

Utafiti wa Wilson wa 2009 ulikuta mabaki ya saruji kwenye asilimia 81 ya vipandikizi vyenye dalili za ugonjwa, na baada ya kuyatoa dalili ziliisha kwenye 25 kati ya 33. Saruji nyingine hazionekani kwenye eksirei, kwa hiyo picha safi haimaanishi shimo safi. Ukibandika, ukingo wa krauni usizame zaidi ya milimita 1 chini ya ufizi, na paka saruji kidogo tu ukingoni. Kama inawezekana, funga kwa skrubu.

Krauni inayopanuka ghafla kutoka shingoni, kwa pembe inayozidi nyuzi 30, huzuia brashi kufika. Ichonge upya. Mgonjwa hawezi kusafisha mahali ambapo brashi haiingii, hata umfundishe mara ngapi.

Hatua ya 6: Mwulize mgonjwa

Sigara, ugoro, kisukari (omba kipimo cha karibuni cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya damu), dawa za kuimarisha mifupa na za saratani. Uliza pia kama anasaga meno usiku, lakini usifanye nguvu ya kuuma iwe kisingizio: kwa kawaida huvunja skrubu au kaure, na pasipo uvimbe ni vigumu kuilaumu kwa mfupa ulioliwa.

Hatua ya 7: Tibu kulingana na ulichokuta

Damu bila upungufu mpya wa mfupa ni uvimbe wa ufizi tu, na unarudi nyuma. Ondoa utando na ugaga (utando uliogeuka mgumu) kwa ncha ya plastiki au kureti (kifaa cha kukwangulia) ya titani, kwa sababu ncha ya chuma cha pua hukwaruza kipandikizi na mikwaruzo hushika bakteria. Mpe mgonjwa brashi ya katikati ya meno yenye waya uliofunikwa plastiki, umwone akiitumia mbele yako.

Mfupa ukiwa umeliwa, fanya usafishaji huohuo kwa kina, bila antibiotiki za kumeza, kisha pima tena baada ya wiki 6 hadi 12. Lengo ni probu isizidi milimita 5, damu isizidi sehemu moja, usaha usiwepo. Usipofika hapo, mpeleke kwa upasuaji wa kufungua ufizi. Ukifika, mrudishe kila miezi 3 hadi 6 na piga picha kwa kishikizi kilekile, pembe ileile.

Kipandikizi chenyewe kikicheza huku skrubu imekazwa, hakuna cha kuokoa. Kifungue kwa kuzungusha kinyume, safisha shimo, acha lipone.