SOMO: Kupitia ushahidi wa kielektroniki kwa programu

Wakili aliyezoea majalada ya karatasi akikabidhiwa barua pepe laki mbili, mkono unakimbilia kisanduku cha kutafutia. Nawasihi, msianzie hapo.

Hatua ya 1: Zuia ufutaji. Siku kesi inaponukia, mwandikie mteja asifute chochote. Mfumo unaofuta barua zenyewe baada ya muda usimamishwe. Msisahau jumbe za simu zinazojifuta.

Hatua ya 2: Nakili kwa usalama. Msikusanye ushahidi kwa kufowadi. Tarehe na njia ya barua ya asili hupotea. Kila faili lipewe alama ya SHA-256, ambayo kompyuta huikokotoa kutokana na yaliyomo ndani ya faili, yenye tarakimu na herufi 64. Ukiongeza nukta moja tu ndani ya faili, alama inageuka yote. Hiyo ndiyo kinga yako ukiulizwa kama kielelezo kimechezewa.

Hatua ya 3: Ondoa nakala pacha. Alama zikilingana, soma moja.

Hatua ya 4: Ifundishe programu ya kuchambua nyaraka, badala ya kutafuta kwa maneno. Hapa ndipo kesi nyingi huharibika. Mwaka 1985 watafiti Blair na Maron walichapisha matokeo ya kuwapima mawakili waliotafuta kwa maneno katika nyaraka zipatazo 40,000. Mawakili waliamini wamepata robo tatu ya zilizohusika, kumbe ni kama moja ya tano tu. Kesi ilihusu ajali, lakini wapo walioandika "tukio la bahati mbaya" bila kuitaja ajali kabisa. Watu wenye wasiwasi huandika hivyo! Kwa hiyo wakili anayeijua kesi kiundani, si kijana aliyeajiriwa juzi, asome sampuli na kuweka alama: inahusika, haihusiki. Programu itajifunza kwake, makosa yake pia, kisha itazigawa nyaraka zilizobaki: zinazohusika, na rundo la kutupwa.

Hatua ya 5: Pima rundo lililotupwa. Chota nyaraka 1,500 kwa nasibu, uzisome. Ukikuta 30 zinazohusika, hiyo ni asilimia 2. Rundo likiwa na 100,000, umeziacha kama 2,000. Tazama ni za aina gani. Zikiwa nzito, rudi hatua ya 4.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu, mahakama zinaikubali njia hii?*
Marekani, Jaji Andrew Peck aliiridhia mwaka 2012 katika kesi ya Da Silva Moore. Uingereza ikafuata mwaka 2016 katika kesi ya Pyrrho, ambako pande zote zilikuwa zimekubaliana. Zungumza na wakili mwenzako wa upande wa pili mapema, kabla hujaanza.

*Barua ya siri kati yangu na mteja ikipenya ikawafikia upande wa pili?*
Tenga kwanza kila barua yenye jina la wakili, isomwe na mtu. Kisha mkubaliane kwa maandishi kwamba iliyopenya itarudishwa. Marekani mahakama hutoa amri ya namna hiyo chini ya Kanuni ya 502(d) ya kanuni zao za ushahidi za shirikisho.

*Nina barua 800 tu. Ninunue programu?*
Hapana, ndugu yangu. Zisome mwenyewe, kwa mpangilio wa tarehe.