Kabla mvua hazijaanza: jiandae na virusi vya mbu

Mbu akitajwa akili zetu zote zinaenda kwenye malaria, na hapo ndo dengue, chikungunya na zika zinapopita kimya kimya. Mtu ana homa, anapima malaria haipo, anapewa antibayotiki ambazo kwa virusi hazisaidii kitu, anarudi nyumbani na hajaandikwa popote, na wasipoandikwa hakuna anayenunua vipimo. Inaniuma sana hii kitu, chikungunya inaweza kumwacha mtu na maumivu ya viungo kwa miezi na zika inaweza kumdhuru mtoto akiwa bado tumboni.

Anza na maji. Aedes, yule mbu mweusi mwenye alama nyeupe miguuni anayeeneza virusi hivi, anapenda maji yaliyotulia karibu na watu, ndoo, pipa, tairi bovu, kisahani cha chini ya ua. Mayai anayabandika kwenye ukuta wa chombo juu kidogo ya maji na yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa yakisubiri mvua, kwa hiyo kumwaga tu haitoshi jamani, sugua ndani kwa brashi kila wiki halafu funika vizuri.

Halafu huyu anauma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza, so neti ya usiku peke yake haikukingi, labda kwa mtoto au mgonjwa anayelala mchana. Mikono mirefu, nyavu madirishani, dawa ya kupaka ya kufukuza mbu yenye DEET.

Homa ya manjano, nayo huletwa na mbu hawahawa, ina chanjo, dozi moja inatosha maisha yote kwa watu wengi, ila cheti cha chanjo cha kusafiria kinaanza kutambulika baada ya siku 10, usingoje wiki ya safari.

Nyumbani weka parasetamo. Asprini, ibuprofeni na diklofenaki achana nazo mpaka ijulikane sio dengue, zinaongeza hatari ya kutoka damu. Na tafadhali shika hili, dengue inaweza kugeuka mbaya pale homa inaposhuka, kati ya siku ya 3 na ya 7, wakati watu wa nyumbani washaanza kushukuru kwamba mgonjwa kapona. Tumbo likiuma sana, akitapika mfululizo, fizi zikitoa damu au akilegea, hospitali hapohapo. Aliyewahi kuugua awe makini zaidi maana virusi vya dengue viko aina 4 na kuipata tena kwa aina nyingine kunaweza kuwa kukali zaidi.

Malaria pima kama kawaida. Ila andika tarehe homa ilipoanza, na majibu yakisema hamna malaria uliza kipimo cha dengue siku hiyohiyo, kile cha NS1 (kinatafuta protini ya virusi kwenye damu) kinakamata vizuri zaidi siku za mwanzo za homa.