Kudarizi Nembo Kwenye Sare za Kazi kwa Mashine

Mteja anayeleta oda ya ovaroli hamsini huja na nembo ya kampuni yake kwenye simu, akiamini kwamba picha hiyo itaingizwa kwenye mashine nayo idarizi yenyewe. Mashine haisomi picha. Husoma faili la mishono, yaani maelekezo yanayoiambia sindano ishuke wapi, rangi ibadilike lini na uzi ukatwe wapi. Kwa hiyo kazi huwa imekwisha kutengemaa au kuharibika kabla sindano haijagusa kitambaa.

Kwanza mwombe mteja mchoro safi, kisha mkubaliane ukubwa. Nembo ya kifua cha kushoto kwa kawaida huwa na upana wa sentimita 8 hadi 10, na hapo ndipo maneno madogo yanapoleta taabu. Kwa uzi wa kawaida, ambao ni namba 40, herufi zenye kimo cha chini ya milimita 5 huzibana na kusomeka kama madoa. Unaweza kutumia uzi mwembamba wa namba 60 na sindano nyembamba ya saizi 65/9, lakini mara nyingi ushauri bora ni kuiondoa kaulimbiu na kubakiza jina. Wengine hununa wakiambiwa hivyo. Afadhali wanune sasa kuliko siku ya kuchukua mzigo.

Kutengeneza faili ndiyo sehemu yenye ufundi zaidi. Mistari myembamba hupewa mshono wa kwenda mbele, herufi na kingo hupewa satini, yaani mishono ya zigizaga iliyosongamana, na maeneo mapana hujazwa kwa safu za mishono mifupi inayopishana, ambazo kwa uzi wa namba 40 huachiana takriban milimita 0.4. Chini ya yote hutangulia mishono ya msingi, inayokishikilia kitambaa kisitembee. Aidha, kila mshono hukivuta kitambaa kuelekea ndani kwa upande uzi unakolala, hivyo duara lililochorwa sawasawa kwenye kompyuta hutoka kwenye nguo likiwa limebanwa kama yai. Mchoraji mzoefu hulipanua kidogo upande huo ili likishonwa lirudi kuwa duara. Kumbuka pia kwamba faili la DST, linalotumiwa sana na mashine za biashara, huonyesha mahali pa kubadilisha rangi bila kutaja rangi yenyewe. Andika namba za nyuzi kwenye karatasi inayofuatana na oda.

Kitambaa cha nguo ndicho kinachoamua aina ya kitambaa cha kukazia kinachowekwa nyuma ya nembo. Ovaroli ya kaki nzito huvumilia kile kinachochanwa kwa mkono baada ya kazi, ilhali fulana za kola, ambazo hunyumbuka, zinahitaji kile kinachokatwa kwa mkasi na kubaki nyuma ya nembo maisha yote ya nguo, pamoja na sindano yenye ncha ya mviringo isiyokata nyuzi za kitambaa. Kwa sare za kazi chagua uzi wa poliesta, kwa kuwa huhimili jiki na kufuliwa mara kwa mara kuliko rayoni. Nguo zinazokinga moto ni jambo jingine: poliesta huyeyuka, kwa hiyo hutumika uzi wa aramidi, ambao hauyeyuki. Koti la mvua likidariziwa moja kwa moja hupitisha maji kwenye matundu ya sindano, na ukanda unaong'aa wa reflekta haufai kutobolewa.

Unapoitia nguo kwenye fremu, ikaze bila kuivuta. Fulana iliyovutwa hurudi kwenye umbo lake ikitolewa, na nembo hukunjamana. Pima mahali kwa kielelezo kimoja cha karatasi kwa oda nzima, kisha ingiza mkono chini ya fremu kuhakikisha kwamba mfuko au mkono wa nguo haujanaswa. Nimewahi kufumua mifuko kumi na miwili ya ovaroli niliyoishona ikafungika kwa sababu ya kupuuza hatua hiyo ya sekunde tano.

Shona jaribio kwenye kipande cha kitambaa kilekile, ukigeuze uangalie nyuma: kwenye mstari wa satini, uzi mweupe wa bobini, yaani uzi wa chini, uonekane katikati kwa takriban theluthi moja ya upana. Ukiwa mwembamba mno au hauonekani, uzi wa juu umelegea. Ukijitokeza juu, uzi wa juu umekazwa kupita kiasi au bobini imelegea. Nembo ya mishono 6,000 kwa kasi ya mishono 700 kwa dakika huchukua karibu dakika 9, bila kuhesabu kukata nyuzi na kubadilisha rangi. Mashine ya vichwa vinne, inayodarizi nguo nne kwa pamoja, itamaliza ovaroli hamsini kwa mizunguko 13, na ndiyo maana bei hukadiriwa kwa idadi ya mishono, si kwa uzuri wa nembo.

Nyuzi zinazoning'inia zikatwe, kitambaa cha kukazia kipunguzwe, na pasi ipigwe upande wa ndani. Kisha hifadhi faili pamoja na kipande cha jaribio na namba za nyuzi, kwani mteja atarudi baada ya miezi sita na wafanyakazi wapya watatu, akitaka bluu ileile.