Kupanga njia ya miguu kutoka Mtae, Usambara Magharibi

Kijiji cha Mtae kimekaa kwenye ncha ya mgongo wa mlima, kaskazini mwa Wilaya ya Lushoto. Ukisimama ukingoni, chini yako kuna tambarare za Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, ng'ambo Milima ya Pare, na asubuhi yenye anga safi Kilimanjaro nayo hujitokeza. Mgeni akifika hapo huona kazi ya kupanda imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza. Usambara haina kilele kimoja cha kulenga kama Kilimanjaro. Ni migongo na mabonde yaliyofuatana, na sehemu zake za juu kabisa zinapita mita 2,200 kidogo tu. Watu huidharau namba hiyo. Wanasahau kwamba hapa utashuka mita 300 hadi kijitoni, upande tena mita 300 ng'ambo, kisha ukute bonde jingine linakusubiri.

Ninaongoza wageni katika milima hii, na hivi ndivyo ninavyopanga safari kabla ya mtu kufunga kamba za viatu.

Hatua ya 1: Anza na mwisho wa safari

Wageni wengi hutembea kutoka Lushoto, wakapita msitu wa Magamba, Lukozi na Rangwi, wakamalizia Mtae kwa ajili ya ile mandhari. Mimi napendelea kinyume chake. Basi za kutoka Mtae hushuka alfajiri, kwa hiyo anayemalizia Mtae akiwa amechoka au ameumia goti hana budi kulala tena. Anayemalizia Lushoto anakuta hospitali, benki na magari ya kushuka Mombo, kwenye barabara kuu. Panda Mtae kwa basi siku ya kwanza, lala, uamke na mandhari yako, ndipo uanze kutembea kurudi kwenye huduma.

Hatua ya 2: Tumia ramani mbili, usiamini hata moja peke yake

Ya kwanza ni ramani ya karatasi ya serikali yenye skeli ya 1:50,000, ambapo sentimita 2 ni kilomita 1. Kabla ya kuhesabu kontua, yaani mistari inayoonyesha kimo cha ardhi, soma pembezoni mwa ramani uone kila mstari ni futi au mita ngapi. Karatasi nyingi ni za zamani, barabara zimebadilika. Migongo na mabonde hayajahama.

Ya pili ni ya kwenye simu. Programu kama Organic Maps au OsmAnd hukuruhusu kupakua eneo zima na kulitumia bila intaneti. Uzuri wake ni vijia vidogo. Ubaya wake ni kwamba kijia kilichochorwa kinaweza kuwa cha kwenda shambani kwa mtu na kuishia kwenye migomba. Halafu kuna mwinuko. Vipimo vya mwinuko katika programu nyingi vinatokana na chombo cha anga cha Marekani kilichopima dunia Februari 2000, kwa miraba ya takribani mita 30. Genge la mwamba likiwa jembamba kuliko mraba huo, simu hulilainisha na kukuonyesha mteremko wa kawaida. Pale Mtae na kijiji jirani cha Mambo, ambako ardhi imekatika ghafla, hilo si jambo dogo. Ukiona kontua zimesongamana, hesabu kwamba hapo hapapitiki mpaka mwenyeji akuambie vingine.

Hatua ya 3: Geuza kilomita kuwa saa

Hapa ndipo mipango mingi inapoharibika, kwa hiyo tukae kidogo.

Laza uzi juu ya njia kwenye ramani ukifuata kila kona, kisha uupime kwa rula. Halafu jumlisha mita zote za kupanda. Usitoe tu urefu wa mwanzo kwenye urefu wa mwisho. Kila bonde lihesabiwe upya. Unaweza kuanza na kufika kwenye kimo kilekile na bado ukawa umepanda karibu kilomita nzima.

Kisha tumia kanuni ya Mskoti William Naismith ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa mteremko mkali, waongozaji wa baadaye waliongeza dakika 10 kwa kila mita 300 za kushuka. Tuseme njia yako ina kilomita 14, kupanda mita 900 na kushuka kwa ukali mita 600. Mwendo ni saa 2 na dakika 48, kupanda saa 1 na nusu, kushuka dakika 20. Jumla saa 4 na dakika 38.

Usiondoke na jumla hiyo. Ni ya mtu mwenye nguvu, njia kavu, bila kupumzika wala kupiga picha. Mimi naongeza theluthi moja wakati wa kiangazi, na hapo tunapata saa 6 na dakika 10 hivi. Msimu wa masika, Machi hadi Mei, naongeza nusu nzima, kwa kuwa udongo mwekundu ukilowa huteleza kama sabuni, na kushuka kunachukua muda kuliko kupanda. Vuli ya mwisho wa mwaka nayo usiichukulie poa. Mvua hutoka upande wa bahari, hivyo miteremko ya mashariki na kusini hulowa zaidi. Njia ikivuka kwenda upande huo, badilisha hesabu.

Sasa hesabu kurudi nyuma. Nataka kila mtu awe amefika saa 10 jioni, maana saa 1 usiku ni giza, na msituni giza huwahi zaidi. Kwa saa sita na kidogo ungeweza kuondoka karibu saa 4 asubuhi. Mimi naondoka saa 1 asubuhi. Zile karibu saa tatu zinazobaki ni za ukungu, daraja lililovunjika, na yule mgeni ambaye viatu vyake ni vipya.

Hatua ya 4: Uliza, lakini uliza vizuri

Ukimuuliza mtu "Njia hii inafika Rangwi?" atakujibu "Inafika." Hajakudanganya, njia zote zinafika, nyingine kwa kuzunguka sana. Na ukiuliza kama ni mbali utaambiwa "hapo tu," kwa sababu ni vibaya kumkatisha mgeni tamaa. Uliza hivi:

"Shikamoo mzee. Wewe ukienda Rangwi na mzigo unapita wapi?"

"Marahaba mwanangu. Na mzigo? Huku sipiti. Nazungukia juu, kule chini daraja limekwenda na maji."

Neno mzigo ndilo linaloleta jibu. Swali la pili: "Ukitoka hapa saa moja, unafika saa ngapi?" Wa kumuuliza hili ni mama anayebeba kabichi au viazi kwenda gulioni, kwa kuwa anaijua njia kwa shingo yake. Muda atakaokutajia, mgeni auzidishe kwa moja na nusu. Uliza watu wawili wasiokuwa pamoja. Majibu yakigongana, tafuta wa tatu.

Hatua ya 5: Vibali

Ripoti ofisi ya mtendaji wa kijiji, uandikwe. Misitu ya hifadhi kama Magamba iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS): kibali chao kipatikane kabla hujaingia. Na usimwamini anayekwambia mnaweza kushuka gengeni mkatembee kidogo Mkomazi. Ile ni hifadhi ya taifa yenye simba na tembo, na huingiwa kwa lango, kwa mfano Zange karibu na Same.

Hatua ya 6: Weka alama za kutokea na za maji

Katika kila siku ya safari, chora duara mahali ambapo njia yako inakutana na barabara inayopitika kwa bodaboda. Huku karibu kila mgongo wenye kijiji una barabara, na hiyo ni bahati ambayo milima mingi haina. Andika pembeni jina la kijiji. Ikitokea kifundo cha mguu kimeteguka, swali liwe ni kurudi kwenye duara la nyuma au kusonga la mbele, na jibu liwe tayari kwenye ramani.

Maji yanadanganya zaidi. Vijito ni vingi, lakini mabonde yamejaa mashamba ya mboga yanayopigwa dawa. Kuchemsha kunaua vijidudu, dawa ya shambani haiondoki. Chota juu ya mashamba, kwenye chanzo au bomba la kijiji, na utoke asubuhi na lita mbili hadi tatu kila mtu. Juni hadi Agosti hutasikia kiu kwa sababu ya baridi. Kunywa hivyohivyo.

Hatua ya 7: Acha karatasi kwa mwenyeji wako

Mtandao wa simu hupatikana zaidi migongoni na hupotea mabondeni, kwa hiyo usitegemee kupiga ukiwa na shida. Andika majina ya mnaosafiri, vijiji mtakavyopita kwa mpangilio, mtakapolala, na saa ambayo kimya chenu kigeuke wasiwasi. Mimi huandika saa 2 usiku. Ikipita, mwenyeji ampigie kwanza mwenyeji wa mahali mnakokwenda, kisha mwenyekiti wa kitongoji cha katikati. Namba ya dharura ya 112 iwe chini ya karatasi, ila vijana wa kitongoji ndio watakaofika mapema.

Na ukifika, piga simu useme umefika. Wengi wakishaoga na kula husahau, mwenyeji akaanza kuamsha watu na kutafuta tochi kwa ajili ya mtu aliyelala.